Nasoma miamba, visukuku vinaitikisa imani yangu. Naombeni ushauri

BintiMakorora (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum, na habari zenu wote.

Nipo mwaka wa tatu, nasoma jiolojia. Kwetu ni Tanga mjini, Makorora, na baba yangu ni maalim, ana chuo cha watoto nyuma ya nyumba. Nalitaja hili mapema ili mjue uzito wa ninachouliza.

Msimamizi wangu ananishauri utafiti wa mwisho nifanye kwenye miamba ya Karoo, yaani tabaka za mawe za kale sana, ya huko huko nyumbani, ule ukanda ulioko bara kidogo ya mji. Ndiko alikotoka Tangasaurus, mtambaazi mdogo wa majini mwenye mkia bapa, aliyepewa jina la mkoa wetu mwaka 1924. Mabaki yake yako Cape Town, na nyumbani sijakutana na mtu anayemjua. Msimamizi anataka baada ya digrii niendelee na visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa maweni, moja kwa moja. Wenzangu wanakimbilia dhahabu, Geita na Kahama, au visima vya maji kwenye hela ya haraka. La hela nitalimaliza mwenyewe. Linalonishinda ni la imani.

Umri wa dunia haukunisumbua sana, maana nilishaambiwa tangu mdogo kwamba siku za Mungu si siku zetu. Kilichonipata ni kitu kidogo tu. Maabara kuna jiwe la ukubwa wa kiganja lililotoka kwenye tabaka za makaa ya mawe za kusini, na juu yake lipo jani la Glosopterisi, mmea wa kale uliotoweka. Mshipa wa kati umenyooka, vishipa vidogo vinatoka huku na huku. Ukiliweka chini ya lenzi unaona ukingo mmoja una vinusu duara vilivyokatwa safi. Jani limeliwa. Mdudu alikula, akashiba, akaenda zake, zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Hakukuwa na mtu wa kumwona wala wa kusema subhanallah. Halafu mwisho wa zama hizo, kama miaka milioni 252 nyuma, likaja janga lililofuta sehemu kubwa kabisa ya viumbe vya baharini na vingi vya nchi kavu, na Glosopterisi yenyewe ikaondoka.

Sasa nauliza: wale wote walikuwa wa nini? Zamani nikisimama kuswali najiona nipo katikati ya kazi ya Mungu. Siku hizi najiona nimefika kwenye shughuli watu wameshakula, wameshacheza, wameshaondoka, viti vinakunjwa. Naswali bado, ila kuna ubaridi.

Tafadhali nisiambiwe niache dini, wala niache chuo. Nimeyasikia yote mawili. Mwalimu mmoja alituambia darasani anayemwamini Adam akae karibu na mlango. Na jirani kule nyumbani alimwambia mama kwamba mwanao kaenda kufundishwa babu yake nyani. Natafuta mtu aliyepita hapa katikati. Na baba nimwambieje?

Kishoka_wa_Pongwe

Naweka kambi. Ila dada, kama unatafuta mchumba mwenye imani isiyotikisika nipo hapa Pongwe.

BintiMakorora

Kambi ruksa. Mchumba hapana.

Mlinzi_wa_Haki

Dada yangu nakupa nasaha kwa nia njema. Hiyo miaka mamilioni wanakisia tu. Kipimo chao cha kaboni kinajulikana kina makosa. Wenyewe walikuta nyama laini ndani ya mfupa wa dainosa, sasa nyama inakaa miaka milioni sitini bila kuoza? Na wewe ni wa Tanga, huyo samaki silikanti walisema ametoweka zamani za dainosa, leo wavuvi wa kwenu wanamvua. Mara ngapi wadanganye ndipo mzinduke? Badili kozi uende uhasibu. Elimu inayokupa ubaridi kwenye swala haina heri.

Nyundo_na_Lenzi

Mlinzi, salaam. Mimi ni mjiolojia, nipo migodini kanda ya ziwa mwaka wa kumi na zaidi, na ni mtu wa ibada. Ngoja nijibu moja moja, maana haya ya kaboni yananichosha kila yanapoletwa.

Kaboni 14 hupungua nusu kila miaka 5,730. Ukishafika kama miaka 50,000 iliyobaki ni kidogo mno kupimika. Hakuna mjiolojia anayeipima miamba ya Karoo kwa kaboni, na ukimwona anayefanya hivyo mfukuze kazi. Vitu vya kale sana hupimwa kwa tabaka za majivu ya volkano yaliyo juu na chini yake: potasiamu inayogeuka gesi ya agoni, au urani inayogeuka madini ya risasi ndani ya chembe za madini ya zirkoni. Nyayo za kale za Laetoli tunazojivunia, za miaka milioni 3.66, umri wake ulipatikana kwenye majivu. Njia mbili tofauti, maabara tofauti, nchi tofauti, majibu yanakaribiana. Huko si kukisia.

Kuhusu nyama laini: aliyeichapisha habari hiyo mwaka 2005 ni Mary Schweitzer wa Marekani, na mama huyo ni Mkristo anayejitangaza. Alichokuta ni vitu vinavyonyumbuka baada ya mfupa kuloweshwa kwenye kemikali na madini kutolewa. Yeye mwenyewe anakataa kabisa kazi yake itumiwe kusema dunia ni changa. Kwa hiyo unamtumia mwanamke mcha Mungu kusema asilolisema. Hilo linakupendeza?

BintiMakorora, nitarudi kwako, nipo zamu.

MtotoWaMvuvi

La silikanti niachieni mimi maana baba amewahi kumpandisha. Jarife la papa, limetegwa kina kirefu usiku, asubuhi kuna jisamaki lina mapezi manene yenye nyama, magamba magumu, madoa meupe. Wazee wakamtazama tu. Nyama yake ni mafuta matupu, huli. Mwisho wa habari kwa upande wa kitoweo.

Sasa kisayansi. Kweli walidhani ametoweka kwa sababu visukuku vyake vya mwisho ni vya miaka kama milioni 66 nyuma, hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Huku kwetu Tanzania walianza kuonekana 2003, na Hifadhi ya Silikanti Tanga ikaanzishwa 2009. Lakini huyu wa baharini leo si yule yule wa kwenye mawe. Wa kwenye mawe walikuwa wengi, wengine wadogo, wengine wa maji baridi, na jenasi ya huyu wetu haijapatikana kama kisukuku. Ni ukoo mmoja uliobaki, wengine wamekwisha. Mlinzi, waliosema ametoweka walikosea, wakaonyeshwa samaki, wakasema tumekosea. Wakatae nini tena?

Mlinzi_wa_Haki

Kwa hiyo leo kweli yao, kesho wanageuza. Qur'ani haigeuki.

MtotoWaMvuvi

Haigeuki. Anayeisoma ndiye anageuka, na ndiyo maana kuna tafsiri kabati zima.

Mantiki_Tupu

Nitakuwa mkweli kwako dada, bila kejeli. Mimi nilitoka kwenye dini. Si kwa visukuku, ni mambo mengine. Ila swali lako ndilo gumu kuliko yote yaliyoandikwa humu, na naona watu wanakimbilia umri kwa sababu umri ni rahisi. Dunia kuwa na miaka bilioni 4.5 haimuumizi mtu. Kinachouma ni njia yenyewe: mamilioni ya miaka ya kuliwa, kuugua, kufa kwa njaa, kufutwa kwa jamii nzima. Kuna mifupa ya dainosa yenye uvimbe na mivunjiko iliyopona vibaya. Kama kuna mpangaji, huo ndio mpango? Usikubali mtu akupe jibu la dakika moja.

Sikuambii uache. Nakuambia huo ubaridi si ugonjwa, inawezekana ni akili yako inafanya kazi.

Mwl_Usambara

Mantiki, nakushukuru kwa adabu, ni nadra jukwaa hili.

Mimi ni Mkatoliki, nafundisha baiolojia sekondari huku milimani Lushoto. Sisi Wakristo tuna kizingiti kingine ambacho wewe BintiMakorora pengine huna: tumefundishwa mauti iliingia ulimwenguni kwa dhambi ya Adamu. Sasa mdudu wako na jani lake walikufa kabla Adamu hajatajwa. Nilihangaika na hilo tangu ualimu wangu mchanga. Kanisa langu halikunizuia: Papa Pius wa 12 mwaka 1950 alisema suala la mwili wa mtu kutokea kwa viumbe vilivyotangulia linaweza kuchunguzwa, na Yohane Paulo wa Pili mwaka 1996 akaenda mbele zaidi, akasema nadharia hiyo sasa ni zaidi ya dhana. Nafsi, walisema wote wawili, yatoka kwa Mungu. Lakini ruhusa ya Papa si faraja. Unaruhusiwa kufikiri, halafu unabaki na unachokifikiri.

Kilichonisaidia ni Zaburi ya 104. Nilikuwa naisoma tangu utotoni kama wimbo wa maua na chemchemi. Siku moja nikasoma taratibu. Simba humo wananguruma kutaka mawindo, na kunguruma kule kunahesabiwa kuwa ni kuomba chakula kwa Mungu. Mbele kidogo, Mungu anaondoa pumzi yao wanakufa wanarudi mavumbini, anapeleka roho yake wanaumbwa wengine, na uso wa nchi unafanywa upya. Kuliwa kumo, kufa kumo, kuja kwa wengine kumo, na mtunzi hakuona haya kuimba. Sikuwa nimeona kwamba zaburi hiyo mwanadamu anapewa sehemu ndogo sana: anatoka asubuhi kwenda kazini, jioni anarudi. Basi.

Sitasema visukuku viliimarisha imani yangu, watu wanaosema hivyo haraka haraka huwa siwaamini. Vilibadilisha ninachoomba. Zamani nilikuwa namdai Mungu maelezo, kila kitu kina sababu yake inayonihusu mimi. Mvua ikichelewa, mimi. Mtoto akiugua, mimi. Siku hizi nadai kidogo.

Nyundo_na_Lenzi

Nimetoka zamu. Kwa kuwa Mwalimu ametaja Kanisa, mnamjua Steno? Niels Stensen, Mdenmark. Mwaka 1666 huko Florence aliletewa kichwa cha papa akipasue, akaona meno yake yanafanana na mawe fulani ambayo watu walikuwa wanayavaa kama hirizi, wakidhani yameanguka kutoka mbinguni au ni ndimi za nyoka zilizogeuka jiwe. Akasema haya ni meno ya papa wa zamani. Mwaka 1669 akaandika kanuni tunayofundishwa wote wiki ya kwanza chuoni: tabaka la chini lilitangulia, la juu likafuata. Huyo huyo akawa padri, halafu askofu, na 1988 akatangazwa mwenye heri. Kwa haki, yeye mwenyewe hakufika kwenye mamilioni ya miaka, alibaki na hesabu za Biblia. Ila mlango aliufungua yeye.

Na kabla yake, kwenu Waislamu. Ibn Sina, aliyefariki 1037, aliandika kwamba wanyama na mimea hugeuka jiwe kwa nguvu ya madini kwenye ardhi fulani. Al-Biruni wa zama zake aliona makombe yanayofukuliwa jangwani Arabuni, akasema hapa palikuwa bahari. Hakuna aliyemwambia akae karibu na mlango.

BintiMakorora

Nashukuru Nyundo, ila nikuulize kwa heshima. Kwamba wapo watu wa dini waliofanya kazi hii, hilo naliona. Linaniambia inawezekana. Haliniambii walilalaje usiku.

Nyundo_na_Lenzi

Umenishika. Basi mimi mwenyewe: nalala kwa sababu nimechoka. Sicheki. Kazi ya mikono inasaidia. Ukiwa na nyundo juani huna nafasi ya ubaridi.

FundiMawe_Tongoni

Niseme la kwangu la kifundi. Mmewahi kuweka lenzi kwenye ukuta wa ule msikiti wa kale wa Tongoni? Msikiti wa karne ya 14 au 15, pembeni yake makaburi ya nguzo, mengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya pwani hii. Mimi nimekulia jirani yake. Lile jiwe ni tumbawe. Likikatwa vizuri na mvua ikiliosha unaona vinyota vidogo vimepangana, kila kinyota kilikuwa nyumba ya mnyama. Mawe ya ukuta yalichimbwa kwenye mwamba wa nchi kavu, ambao ni mwamba wa bahari ya zamani iliyokuwa juu kuliko hii ya leo. Mawe ya mihrabu, yale laini ya kuchonga, yalikatwa mabichi baharini. Na chokaa iliyoyashika ni matumbawe yaliyochomwa tanuruni.

Kwa hiyo wazee wetu walisujudu wameelekea ukuta wa viumbe waliokufa, miaka mia sita nyuma. Hata kwenye mapango ya Amboni, watu wanaopeleka ubani na kuku kwa mzimu wanawasha mshumaa ndani ya chokaa ya bahari ya zama za Jura, zama za dainosa. Siwaambii ni sawa wala si sawa, kila mtu na lake. Nasema tu hivyo visukuku si wageni kwetu. Tunaishi ndani yake.

Nyundo_na_Lenzi

Fundi umeua. Mwamba huo wa matumbawe wa pwani, sehemu kubwa una umri wa kama miaka 125,000. Huo ni umri mdogo kabisa kwa viwango vyetu.

Mlinzi_wa_Haki

Kusujudu mbele ya ukuta si kusujudia ukuta. Msichanganye.

FundiMawe_Tongoni

Nani kachanganya shehe? Nimezungumzia jiwe.

Babu_wa_Chumbageni

Wanangu, miye nimestaafu, naletewa simu na mjukuu nasoma mnayoandika. Huyu binti ameuliza swali zuri na naona mmemjibu maswali ya watu wengine.

Mwanangu, baba yako ni maalim. Bila shaka alfajiri ya Ijumaa husoma sura ya Sajda kwenye rakaa ya kwanza na Insan kwenye ya pili, ndiyo sunna. Umezisikia tangu hujajua kufunga kilemba cha kanga. Hebu kaa uzisikilize. Sajda yasema mbingu na ardhi ziliumbwa kwa siku sita, na aya inayofuata hapo hapo yataja siku ambayo kipimo chake ni miaka elfu ya hesabu yetu. Kisha Insan yafungua kwa swali: je, hakikumpitia binadamu kipindi katika dahari ambapo hakuwa kitu chochote cha kutajwa? Hiyo ndiyo aya ya kwanza. Kila Ijumaa, kabla jua halijatoka, twakumbushwa kwamba kulikuwa na wakati na siye hatumo. Weye wasema umefika shughuli imekwisha. Wenzio wameambiwa hivyo kila wiki, hawakushtuka kwa sababu walikuwa na usingizi.

Sasa wauliza walikuwa wa nini. Soma An'am, aya ya 38. Hakuna mnyama katika ardhi wala ndege arukaye kwa mbawa mbili ila ni umma mfano wenu, kisha kwa Mola wao watakusanywa. Haisemi walikuwa wa nini kwako. Yasema walikuwa umma. Na Israi aya ya 44 yasema kila kitu chamsabihi kwa kumhimidi, ila siye hatufahamu tasbihi yao. Huyo mdudu wako wadhani hakukuwa na wa kusema subhanallah. Yeye je?

BintiMakorora

Babu, nimesoma mara mbili nikafunga simu nikatoka nje kidogo.

Nikuulize moja. Hiyo "watakusanywa". Hata wale? Hata waliofutwa wote, hakubaki hata mmoja?

Babu_wa_Chumbageni

Mashekhe wamehitalifu katika namna yake. Ila iko hadithi sahihi kwamba Siku ya Kiyama haki zitarudishwa kwa wenyewe, hata mbuzi asiye na pembe atalipiwa kwa mwenye pembe. Ikiwa mbuzi wa Makorora yumo kwenye hesabu, sioni kwa nini huyo mjusi wako wa 1924 asiwemo. Miye sikumwona wapi katolewa.

Mantiki_Tupu

Babu, kwa heshima zote, hilo ni jibu kwa mtu anayeamini tayari. Asiyeamini halimpi kitu.

Babu_wa_Chumbageni

Ndiyo mwanangu. Aliyeuliza aamini. Ukiuliza weye nitakujibu vingine, na yataka kahawa, si simu.

Mantiki_Tupu

Chumbageni wapi?

Babu_wa_Chumbageni

Jukwaa hili watu wote wanasoma. Niandikie pembeni.

Mama_wa_Watatu

Jamani mimi si msomi. Ila dada hapo juu aliuliza amwambieje baba, hakuna aliyejibu. Mimi ni mtoto wa shehe, niliolewa na mtu wa kabila ambalo nyumbani hawakulitaka, najua kumwendea baba. Usimwendee na taarifa. Usimwambie "baba nimejifunza kwamba". Mwendee na swali, ukae chini, umwombe akufundishe. Mzazi maalim akiulizwa swali anakuwa mwalimu, akipewa taarifa anakuwa hakimu. Na usianze na nyani!! Hilo la nyani liache hadi likufuate lenyewe. Kama una mjomba anayesikilizwa, mpitishe kwanza mjomba.

Kishoka_wa_Pongwe

Nakazia la nyani.

Nyundo_na_Lenzi

Ila BintiMakorora, ukweli usiuzungushe milele. La binadamu litakuja. Ukishika visukuku, mtu atakuuliza mabaki ya watu wa kale ya Olduvai na Laetoli, na baba yako atakuuliza wa kwanza. Kuna Waislamu wasomi wanaokubali mabadiliko ya viumbe yote isipokuwa Adam, wanasema yeye ni muujiza wa peke yake. Wapo wanaokubali yote, wapo wanaokataa yote. Tafuta mahali pako kabla hujaulizwa.

Na kingine. Watu huko nyumbani wakikuambia hii ni kazi ya wazungu, watajie Boheti bin Amrani. Tendaguru, Lindi, 1909 hadi 1913, Wajerumani walifukua mijusi ya kale, yaani dainosa, iliyosimamishwa Berlin, mmoja wao ana kimo cha zaidi ya mita 13. Mamia ya vibarua walikuwa watu wa kwetu, mifupa ikabebwa kwa vichwa na mabega hadi bandari ya Lindi, na msimamizi wao aliyekuwa na jicho la mifupa kuliko wengi alikuwa Boheti. Mwaka 2007 mjusi mmoja wa Tendaguru akapewa jina lake: Australodocus bohetii. Miaka karibu mia imepita ndipo wakamkumbuka, lakini jina lipo na halifutiki. Kwenye kanuni za kutoa majina lililotangulia ndilo linalobaki.

BintiMakorora (MREJESHO)

Nimechelewa kurudi, nilikuwa na mitihani, halafu nikaenda nyumbani.

Nilimpitisha mjomba kwanza. Mjomba akasema yeye mijusi haimhusu, ila atakuwepo. Ijumaa baada ya alfajiri baba alikuwa anakunywa chai, nikakaa mkekani nikamuuliza hiyo dahari ya aya ya kwanza ya Insan ni kipindi gani. Alifurahi kuulizwa, nimuonavyo. Akaeleza kwamba wapo waliosema ni miaka arobaini, Adam akiwa udongo kabla ya kupuliziwa roho, na wapo waliosema ni muda usio na mpaka unaojulikana. Nikamwambia huku chuoni tunasoma mawe ya huo muda. Nikamwonyesha picha ya lile jani kwenye simu. Aliikuza kwa vidole, akauliza hapa pamekatwa na nini. Nikasema kuna mdudu alikula. Akanyamaza, akasema riziki yake.

Halafu akauliza la Adam, kama Nyundo alivyotabiri. Nikamwambia bado natafuta. Hakupenda. Akasema hapo yeye hasogei hata shubiri, na nikisogea mimi nisimfundishie wanawe wa chuo. Nikasema sawa. Kuhusu Tangasaurus hana ugomvi naye, anasema mjusi wa Mungu na abaki wa Mungu. Baada ya hapo swali lake kubwa lilikuwa kama kazi hiyo ina mshahara, na mjomba akaamka usingizini kuunga mkono swali.

Ubaridi haujaisha. Kuna siku upo, kuna siku haupo. Ile aya ya 38 naisoma. Swali la Mantiki la maumivu ninalo bado, sikulijibu na sidhani nitalijibu kabla ya kukabidhi utafiti. Mada nimeichukua. Mwezi ujao naanza fildi.

Mwl_Usambara

Riziki yake. Baba yako kanizidi, mimi ilinichukua zaburi nzima.

Mlinzi_wa_Haki

Mimi sijabadilika msimamo. Ila nimefurahi umemshirikisha mzazi. Allah akusahilishie mitihani.

BintiMakorora

Amin. Ahsante kaka.

Nyundo_na_Lenzi

Mambo ya fildi basi. Visukuku vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, usiokote hata kipande ukakitia mfukoni kabla chuo hakijakushughulikia kibali. Ukikuta kitu, kwanza picha pamoja na kipimo pembeni, kisha majira ya nukta (GPS) kwenye simu, kisha chora tabaka lilipotoka, na uandike lipi lipo juu na lipi chini. Kisukuku kisichojulikana kilitoka tabaka gani ni pambo la sebuleni. Pita kwa mwenyekiti wa kijiji ujitambulishe kabla hujagonga jiwe, maana ukionekana unachimba watasema una madini. Vaa viatu vigumu, kwenye mashamba ya mkonge miba haina huruma. Maji lita tatu, si moja. Na beba gazeti la zamani la kufungia sampuli, mifuko ya plastiki inatoa jasho.